Miaka ya Runinga ya Irrfan Khan



Nimeombwa nizungumzie safari ya waigizaji wa India kutoka runinga hadi sinema. Nadhani kila mmoja hapa ana wake wa kumtaja. Yupo Shah Rukh Khan, aliyeanza kujulikana kwa tamthilia ya Fauji mwaka 1989. Yupo Vidya Balan, ambaye miaka kumi kabla ya filamu ya Parineeta alikuwa mmoja wa mabinti katika tamthilia ya vichekesho ya Hum Paanch. Yupo marehemu Sushant Singh Rajput, ambaye Pavitra Rishta ilimfanya kipenzi cha kina mama wa India, kisha akaiacha na mwaka 2013 akatokea katika Kai Po Che!. Mimi jioni hii nitakaa na mtu mmoja, Irrfan Khan, ambaye safari yake ilikwenda polepole kuliko hao wote.

Wengi huisimulia safari hiyo hivi: kijana wa Rajasthan alisomea uigizaji, akapotelea kwenye tamthilia kwa zaidi ya miaka kumi, kisha mwongozaji kutoka Uingereza akamwokota, na dunia ikamjua. Tarehe zake ni sahihi. Maana yake naikataa, kwa sababu inaifanya ile miaka ya runinga kuwa hasara tupu. Nikizitazama filamu zake kubwa, naiona miaka ile ndani yake. Runinga ilimpa watu waliokuja kumvusha. Tena ilimchosha kwa namna iliyomwonyesha ni kitu gani hasa asikifanye mbele ya kamera.

Alizaliwa Januari 1967 katika familia ya Kiislamu yenye asili ya Tonk, akakulia Jaipur. Baba yake alifanya biashara ya matairi. Mapenzi yake ya kwanza yalikuwa kriketi, na alicheza vizuri vya kutosha kuchaguliwa katika mashindano ya vijana, ila pesa za kuendelea zikakosekana. Mwaka 1984 akaingia Chuo cha Taifa cha Maigizo mjini Delhi. Kipindi hichohicho baba akafariki, msaada wa nyumbani ukakatika, akasoma kwa posho ya chuo. Huko chuoni alikutana na watu wawili ambao naomba mzishike sana habari zao. Mmoja ni Sutapa Sikdar, aliyekuja kuwa mwandishi wa tamthilia na filamu, na mwaka 1995 wakaoana. Mwingine ni Tigmanshu Dhulia, aliyekuja kuwa mwongozaji.

Sasa tuangalie mhitimu wa chuo kile alikuwa anakwenda wapi. Jukwaani hakukuwa na mshahara wa kulisha familia. Sinema ya biashara ya Mumbai ilikuwa na sura zake inazozipenda na koo zake zinazorithishana. Lakini serikali ilikuwa na kituo chake cha runinga, Doordarshan, nacho kilikuwa kimeanza kuchangamka. Rangi zilikuja mwaka 1982, wakati wa Michezo ya Asia mjini Delhi. Mwaka 1984 ikaanza Hum Log, tamthilia ya familia ya watu wa kawaida iliyoishika nchi. Januari 1987 ikaja Ramayan, na Jumapili asubuhi mitaa ya miji ikawa mitupu. Mtazamaji hakuwa na kituo kingine cha kuhamia. Kituo hicho kikahitaji waigizaji wengi wanaojua kusema Kihindi na Kiurdu kwa ufasaha, na chuo kilikuwa nao.

Kabla Irrfan hajaondoka chuoni, mlango wa sinema ulifunguka kidogo ukafungwa usoni pake. Mira Nair alifika Delhi akitafuta waigizaji wa filamu yake ya kwanza ndefu, Salaam Bombay!, akampenda. Kijana akaenda Mumbai, akaingia katika mafunzo pamoja na watoto wa mitaani ambao ndio wangekuwa wahusika wakuu. Tatizo likawa mwili wake. Alikuwa mrefu mno, na mwenye afya mno, akisimama kati ya watoto waliokulia njaa. Nair akampunguzia nafasi hadi ikabaki ya mwandishi wa barua wa kando ya barabara, yule ambaye watu wasiojua kuandika humlipa awaandikie. Ni dakika chache tu. Mira Nair mwenyewe amesimulia jinsi kijana yule alivyolia usiku ule alipoambiwa. Filamu ilitoka mwaka 1988, ikashinda tuzo ya filamu ya kwanza kule Cannes, na Irrfan akarudi kutafuta kazi.

Kazi ikawa runinga. Katika Bharat Ek Khoj ya Shyam Benegal, iliyoisimulia historia ya India, alipewa nafasi ndogondogo. Katika mchezo mmoja wa Doordarshan alikuwa Lenin. Katika Kahkashan alikuwa Makhdoom Mohiuddin, mshairi wa Hyderabad. Katika Chanakya ya 1991 alikuwa Bhadrashaal, jemadari wa Magadha. Mwaka 1994 ikaja Chandrakanta, hadithi ya wafalme, mizungu na majasusi wanaobadili sura, na humo akawa Badrinath, mmoja wa majasusi hao. Vituo vya binafsi vilipoanza, Zee TV ikamweka katika Banegi Apni Baat, tamthilia ambayo Sutapa alikuwa miongoni mwa waandishi wake. Katikati ya hayo yote alipata vijisehemu katika filamu, kwa mfano mwandishi wa habari katika Ek Doctor Ki Maut ya Tapan Sinha mwaka 1990, na filamu ikishapita, jina lake halikukumbukwa.

Mkipata nafasi, itazameni Chandrakanta. Mavazi yanameta, ngurumo hazikauki, kila mtu anatangaza nia yake kwa sauti. Irrfan anafanya kazi aliyopewa, anapaza inapopaswa kupazwa, anakodoa inapopaswa kukodolewa. Si kwamba ni mwigizaji mbaya mle. Yupo katika sanaa yenye masharti yake, na masharti hayo yana sababu.

Sababu yenyewe ni mtazamaji. Mtu anayetazama runinga ana chungu jikoni, ana mtoto analia, kuna mgeni anabisha hodi. Mwandishi wa tamthilia analijua hilo, kwa hiyo anayatwika maneno mzigo wote. Mhusika mwenye wivu atasema ana wivu, na shangazi yake atarudia, ili aliyekuwa jikoni naye asikie. Tamthilia za kila siku zilizokuja baada ya mwaka 2000, zile za mama mkwe na wakaza wana, ziliongeza uso unaoonyeshwa mara tatu mfululizo kwa mlio wa radi. Mnazijua, zimeingia majumbani mwetu zikiwa zimetiwa sauti nyingine, na mashabiki wake hawana haja ya kuona aibu mbele yangu. Kumshika mtu aliyeshikwa na shughuli za nyumba kunataka ustadi.

Lakini mwigizaji anayefanya hivyo kwa miaka mingi huzoea kueleza. Mwili wake hujifunza kwamba kila hisia lazima itoke nje, tena mapema. Irrfan alisema waziwazi katika mahojiano kwamba alikuja Mumbai kwa ajili ya sinema akajikuta amekwama kwenye runinga, na kwamba alifikiria kuacha uigizaji kabisa. Uchovu ule nauheshimu sana. Mtu asiyekuwa na kitu ndani hachoki kwa namna hiyo. Anapokea malipo yake, anarudi nyumbani.

Aliyeuona uchovu huo kwa karibu ni Dhulia. Walikuwa wamefanya kazi pamoja runingani, hata katika Star Bestsellers, mfululizo wa hadithi fupifupi wa mwishoni mwa miaka ya tisini ambamo kundi la waongozaji vijana lilikuwa linajaribu lugha mpya. Kijana wa London mwenye asili ya Kihindi, Asif Kapadia, alipokwenda India kutafuta watu wa filamu yake ya kwanza ndefu, Dhulia ndiye aliyemsaidia kuwatafuta, na akamwelekeza kwa rafiki yake. Hivyo simulizi ya mgeni aliyeokota kito barabarani inamsahau aliyemwonyesha barabara.

The Warrior ilitoka mwaka 2001. Irrfan ni Lafcadia, askari wa bwana katili wa Rajasthan, anayeua kwa amri hadi siku moja mkono unakataa, akatupa upanga na kuelekea milimani. Mwanawe anauawa naye akiona. Maneno ya filamu nzima ni machache, na waigizaji wengi wa pembeni hawakuwa watu wa fani. Hapo mtu aliyesema mistari ya kurasa na kurasa kwa zaidi ya muongo akanyang'anywa mistari. Mnaweza kuona jinsi alivyokuwa tayari. Uso hauelezi kitu mapema. Unapokea, unakaa nacho, na ni baada ya muda ndipo mtazamaji anagundua kwamba jambo kubwa limepita. Kwenye runinga ya nyumbani subira ya namna hiyo ingepotea. Ukumbini, ambako uso wa mtu una ukubwa wa ukuta wa nyumba na hakuna mwenye chungu jikoni, inatosha.

Filamu hiyo ilipata tuzo ya BAFTA ya filamu bora ya Uingereza, ingawa ilikataliwa kuiwakilisha Uingereza katika tuzo za Oscar kwa kuwa Kihindi hakikuhesabiwa kuwa lugha ya nchi hiyo. India yenyewe ilichelewa kusikia. Ilibidi Dhulia aongoze filamu yake ya kwanza, Haasil ya 2003, kuhusu siasa za wanafunzi wa chuo kikuu cha Allahabad, na ampe rafiki yake nafasi ya Ranvijay, kiongozi wa wanafunzi mwenye haiba na mwenye hatari. Tuzo ya Filmfare ya mhusika mwovu ikafuata. Karibu wakati huohuo Vishal Bhardwaj akaichukua Macbeth ya Shakespeare, akaipeleka kwa majambazi wa Mumbai, akaiita Maqbool. Pembeni ya Irrfan walikuwepo Tabu, Pankaj Kapur, Naseeruddin Shah na Om Puri, na hakuzama. Alikuwa na umri wa miaka 36. Shah Rukh Khan kwa umri huo alikuwa ameshatawala sinema kwa karibu muongo.

Naomba nikae kidogo na watu hawa wawili. Wote walipita Delhi miaka ileile ya themanini, wote wakajifunza jukwaani, wote wakapokelewa na Doordarshan. Shah Rukh alitoka Fauji na Circus hadi Deewana ya 1992 kwa muda mfupi, na aliondoka runingani na kile runinga inachokipenda: kasi, ulimi, ule ukaribu wa mtu anayeongea nawe sebuleni kwako. Aliupeleka kwenye skrini kubwa, ukaenea. Simwoni kuwa mdogo kwa hilo hata kidogo.

Mwaka 2009 wakakutana katika Billu ya Priyadarshan, ambayo kampuni ya Shah Rukh ndiyo iliyoitayarisha. Jina lake lilikuwa na neno la kinyozi, likaondolewa baada ya vyama vya vinyozi kulalamika. Irrfan ni kinyozi fukara wa kijijini. Shah Rukh ni nyota wa sinema anayekuja kupiga picha hapo. Kijiji kinasikia kwamba hawa wawili walikuwa marafiki utotoni, kinamvamia kinyozi kwa zawadi na maombi, na anaposhindwa kumleta nyota, kinamgeuka. Karibu na mwisho, nyota anasimama mbele ya watu shuleni, anasimulia kuhusu rafiki aliyemsaidia alipokuwa hana kitu, rafiki asiyejua yuko wapi. Shah Rukh anaongea kwa muda mrefu, machozi yanamtoka, na anaongea vizuri sana. Irrfan yuko nyuma ya umati. Hana mstari hata mmoja. Anasikiliza habari zake mwenyewe, na usoni pake kuna furaha, na soni, na woga kwamba mtu atageuka amwone, na nia ya kuondoka kabla hajaonekana. Kamera inakwenda kwa msemaji, inarudi kwa msikilizaji. Wanafunzi wangu, tazameni sehemu hiyo mara moja kwa ajili ya Shah Rukh na mara ya pili kwa ajili ya Irrfan. Mtakuwa mmeona njia mbili za kutoka runingani, zote mbili halali, katika picha moja.

Mira Nair, kwa upande wake, alikuwa bado na deni. Mama huyu tunamhesabu kuwa jirani yetu: ana makazi Kampala kwa miaka mingi, filamu yake ya Mississippi Masala ya 1991 inaanzia kwa Wahindi waliofukuzwa Uganda mwaka 1972, na mwaka 2004 alianzisha Maisha Film Lab mjini humo, ambako vijana wa Uganda, Kenya, Tanzania na Rwanda wamefundishwa uandishi na uongozaji wa filamu. Alipoitengeneza The Namesake, iliyotoka mwaka 2006 kutokana na riwaya ya Jhumpa Lahiri, alimwita yule kijana aliyemliza. Miaka 18 ilikuwa imepita tangu Salaam Bombay!. Safari hii Irrfan alikuwa Ashoke Ganguli, Mbengali aliyehamia Marekani, mume wa Ashima, ambaye ni Tabu, na baba wa Gogol.

Ashoke ni baba asiyejua kusema mambo makubwa. Kuna mahali anamchukua mwanawe mdogo, wanatembea juu ya mawe yaliyopangwa kuingia baharini, mpaka yanapoishia, mpaka hakuna pa kukanyaga tena. Anagundua kamera ameisahau garini. Anamwambia mtoto aikumbuke siku hiyo. Basi. Katika tamthilia baba angemweleza mtoto kwamba anampenda, kwamba yeye mwenyewe aliwahi kunusurika kifo katika ajali ya treni, kwamba jina la mtoto limetoka katika ajali ile. Irrfan anayo yote hayo mgongoni na kwenye mwendo wake wa tahadhari juu ya mawe. Sisi tunaijua habari ya treni, mtoto haijui, na mwigizaji anaamini kwamba kujua kwetu kunatosha.

Ningependa kuisemea sana The Lunchbox ya Ritesh Batra, ya 2013, lakini muda unakimbia. Karani mpweke wa bima anayekaribia kustaafu analetewa kimakosa chakula alichopikiwa mume wa mwanamke mwingine. Mtazameni tu anavyofungua vile vyombo siku ya kwanza: anainamisha kichwa, ananusa, anasita. Mtu mzima mwenye kiburi cha upweke anashangazwa na mchuzi. Yule mwanamke na yeye hawazungumzi ana kwa ana hata mara moja katika filamu yote.

Nimeacha makusudi jambo moja la mwaka 2010, maana ndilo linalonifanya nisimwite mtu aliyeikimbia runinga. Mwaka huo alirudi. Kituo cha HBO cha Marekani kilikuwa na tamthilia ya In Treatment, ambamo kila sehemu ni watu wawili chumbani, tabibu wa nafsi na mgonjwa wake, wanaongea kwa karibu nusu saa. Gabriel Byrne ndiye tabibu. Irrfan alikuwa Sunil, mjane wa Kolkata aliyeletwa na mwanawe kuishi Brooklyn, asiyepatana na mkaza mwana, asiyekuwa na kazi wala mtu wa kuongea naye. Jhumpa Lahiri alishauri juu ya mhusika huyo. Ni maneno matupu, zaidi hata ya Chandrakanta. Ila Sunil anaongea ili kuficha. Anamwambia tabibu mengi, na yote ni ya kweli kiasi, na nyuma yake kuna mpango ambao tabibu anakuja kuugundua mwishoni kabisa. Kwa kazi hiyo ilihitajika mtu aliyejua ratiba za tamthilia na wingi wa mistari yake, na ambaye pia alikuwa amepita kwa Kapadia, Bhardwaj na Nair. Mwaka 2016 akarudi tena kwenye skrini ndogo, katika Tokyo Trial, kama jaji Radhabinod Pal.

Na Dhulia? Mwaka 2012 ikatoka Paan Singh Tomar, iliyokuwa imekamilika tangu 2010 ikakaa bila kupata nafasi kumbini. Ni habari ya kweli ya mwanajeshi, bingwa wa India wa mbio za kuruka viunzi na maji, aliyedhulumiwa ardhi kijijini akaishia kuwa jambazi wa mabonde ya Chambal. Irrfan akapata Tuzo ya Taifa ya mwigizaji bora, na filamu yenyewe ikawa filamu bora ya mwaka. Walikuwa ni walewale wawili wa Delhi.

Machi 2018 aliutangazia umma kwamba ana uvimbe wa nadra, akaenda kutibiwa London. Alipopata nafuu aliigiza filamu moja zaidi, Angrezi Medium, akiwa muuza mitai wa Udaipur anayetaka binti yake akasome Uingereza. Ilianza kuonyeshwa tarehe 13 Machi 2020. Ndani ya siku chache kumbi za India zilifungwa kwa sababu ya korona. Mama yake alifariki Jaipur tarehe 25 Aprili, naye hakuweza kwenda kumzika. Tarehe 29 akafariki Mumbai, akiwa na miaka 53.

Filamu ile ilihamishiwa mtandaoni mapema Aprili, na kwa hiyo walio wengi waliitazama wakiwa nyumbani, jikoni kukiwa na chungu na watoto wakiwa wamefungiwa ndani. Yeye hakuwa ameicheza kwa ajili ya sebule. Wakati anaigiza alijua ugonjwa wake, alidhani watu wataingia ukumbini, akaigiza kwa kipimo kilekile cha The Namesake, baba anayeacha jambo kubwa zaidi bila kulisema. Mimi naitumia filamu hiyo kufundishia waigizaji wa tamthilia, kwa sababu imethibitisha kwenye skrini ndogo kabisa, hata za simu, kwamba mtazamaji wa nyumbani anaweza kusubiri. Waandishi wetu wa tamthilia wanaweza kuanza kumwandikia hivyo.